Si Dawa ya Panya: Zilikotoka Dawa za Ugonjwa wa Kusahau

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Leo tumkumbuke yule mzee aliye katika chumba cha nyuma, anayekuuliza mara kumi kwa asubuhi moja kama ng'ombe wamekamuliwa, na ng'ombe wenyewe waliuzwa miaka sita iliyopita.

Kuna mama mmoja aliyenijia baada ya mkutano wa kikundi chao. Anamtunza mama mkwe wake, nyanya wa watoto wake watatu. Nyanya huyo alianza kwa kupoteza funguo, akaendelea kwa kusahau majina, halafu siku moja akapotea njia ya kutoka sokoni, njia aliyoipita miaka arobaini. Hospitalini daktari aliwaandikia vidonge vinavyoitwa donepezili. Wakachanga pesa, wakanunua vya mwezi mzima. Siku ya tatu shemeji yake akasoma kwenye simu kwamba dawa hiyo ilijaribiwa kwanza kwa panya waliotobolewa ubongo. Akatangaza nyumba nzima: "Kumbe mnampa mama dawa ya panya!"

Nawe unajua, katika lugha yetu dawa ya panya ni kitu gani. Vidonge vilitupwa chooni jioni hiyo hiyo.

Mama huyo aliniuliza maswali mawili. La kwanza, je, ni kweli habari ya panya? La pili, kama wangeendelea kumpa, je, nyanya angerudi kuwa yule wa zamani? Swali la pili jibu lake ni fupi, lakini nakuomba usubiri, maana bila la kwanza hutalielewa. La kwanza lina hadithi ndefu, na inaanzia hapa hapa barani Afrika.

Maharagwe ya kutafutia wachawi

Huko Calabar, kusini-mashariki mwa nchi inayoitwa leo Nijeria, katika nchi ya Waefik, kuna mmea unaotambaa kando ya mito. Unazaa maharagwe makubwa ya rangi ya kahawia. Wenyeji waliyaita esere. Zamani mtu akishukiwa kuwa mchawi, alipewa maharagwe hayo yaliyopondwa na kutiwa maji, akayanywa mbele ya watu. Akitapika akaishi, hana hatia. Akifa, basi walisema alikuwa mchawi kweli. Wengi waliokufa hivyo walikuwa hawana kosa lolote.

Mwaka 1846 daktari Mwingereza, William Daniell, aliyekuwa amefanya kazi katika pwani ile, alieleza mambo hayo kwa wataalamu wa Ulaya. Mwaka huo huo wamisionari kutoka Scotland walifika Calabar, na baadaye maharagwe yakasafirishwa hadi mji wa Edinburgh. Profesa Robert Christison, mtaalamu wa sumu, alitaka kujua yana nini ndani. Mwaka 1855 akatafuna kipande cha haragwe moja. Kizunguzungu kikamshika, mapigo ya moyo yakalegea, mikono na miguu ikakataa kumtii. Akanyakua maji ya sabuni aliyokuwa amenyolea ndevu, akayagugumia yote ili atapike. Alipona, ila wewe usimwige.

Miaka minane baadaye, mwaka 1863, daktari wa macho katika mji huo huo, Argyll Robertson, alionyesha kwamba maji ya haragwe hilo yakidondoshwa jichoni yanafanya mboni kuwa ndogo. Mwaka 1864 Wajerumani wawili, Jobst na Hesse, walifaulu kuitenga sumu yenyewe, wakaiita fisostigmini. Kuanzia miaka ya 1870 madaktari wakaitumia kutibu presha ya macho. Sumu ya kuhukumia watu ikawa dawa ya kuzuia upofu.

Nisimame hapa kidogo. Mambo ya kumwita mtu mchawi hayakubaki Calabar. Katika Kaunti ya Kilifi, hapa kwetu Kenya, wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa sababu tu walisemekana ni wachawi. Fikiria mzee anayetoka usiku bila nguo, anayeongea peke yake, anayebisha mlango wa jirani saa nane za usiku akidhani ni kwake. Wewe unayemwosha kila siku unajua huo ni ugonjwa. Jirani asiyejua anaona mambo mengine. Nitarudi kwenye historia, lakini nilitaka hilo lisinipite.

Mjumbe na mto

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua fisostigmini inafanyaje kazi mwilini. Aliyefungua njia ni Otto Loewi, katika mji wa Graz, Austria. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini. Aliamka, akaliandika kwenye karatasi, akalala tena, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo likarudi, na safari hii hakulala, aliondoka moja kwa moja hadi maabara. Ilikuwa mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, akauchochea mshipa wa neva unaopunguza kasi ya moyo wa kwanza, kisha maji yaliyouzunguka moyo huo akayahamishia kwa moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza kasi, ingawa haukuguswa na mtu. Basi akajua neva hutuma ujumbe kwa kemikali. Kemikali hiyo ndiyo asetilikolini. Mwaka 1926 yeye na mwenzake Navratil wakaonyesha kwamba mwilini mna kitu kinachoivunja haraka, na kwamba fisostigmini hukizuia kitu hicho. Mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kitu hicho kinachovunja huitwa kolinesterasi. Jina ni gumu, lakini kazi yake ni rahisi kuielewa. Chukua jirani wawili waliotenganishwa na mto mdogo. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo, anamtuma mtoto avuke. Mtoto akishafika ng'ambo na kusema, yuko mtu wa kumwondoa pale mara moja, la sivyo ataurudia ujumbe ule ule mpaka jua litue. Mto ni ile nafasi ndogo kati ya seli moja ya neva na nyingine. Mtoto ni asetilikolini. Anayemwondoa ni kolinesterasi.

Sasa mshike mkono yule mwondoaji, usimwache afanye kazi yake. Mtoto atabaki ng'ambo akirudia ujumbe. Kama watoto wamebaki wachache na sauti zao ni hafifu, kurudia huko kutasaidia, jirani ataelewa. Lakini ukimfunga mwondoaji kabisa kamba mikono na miguu, watoto watajaa ng'ambo wakipiga kelele wote pamoja, na jirani atachanganyikiwa. Ndiyo maana kitu kimoja kinaweza kuwa dawa kwa kipimo kidogo na sumu kwa kipimo kikubwa. Uushike mfano huu, tutauhitaji mara mbili tena.

Kwa nini wakawaendea panya

Ugonjwa wenyewe wa kusahau ulielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyemchunguza mwanamke mmoja aliyeanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka hamsini na kitu. Kwa karibu miaka sabini baada ya hapo, hakuna aliyekuwa na dawa ya kumpa mgonjwa wa aina hiyo.

Mwanga ulianza kuonekana mwaka 1974. Nchini Marekani, Drachman na Leavitt waliwapa vijana wenye afya njema dawa inayoitwa skopolamini, ambayo huziba njia ya asetilikolini. Vijana wale wakaanza kusahau mithili ya wazee. Mwaka 1976 maabara kadhaa za Uingereza, mojawapo ikiwa ya Davies na Maloney kule Edinburgh (mji ule ule wa maji ya kunyolea), zilipima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Alzheimer. Zikakuta uwezo wa kutengeneza asetilikolini umepungua vibaya. Halafu mwaka 1982 kundi la Whitehouse, huko Baltimore, likapata chanzo. Chini kabisa ya ubongo, upande wa mbele, kuna fungu dogo la seli liitwalo kiini cha Meynert, ambalo ndilo hupeleka asetilikolini katika ganda lote la ubongo. Kwa wagonjwa wale, seli nyingi za fungu hilo zilikuwa zimekufa.

Hapo swali likawa moja tu. Je, kifo cha seli hizo ndicho kinacholeta kusahau, au viwili hivyo hutokea tu pamoja? Huwezi kumtoboa mtu ubongo ili ujue. Wakawaendea panya wa maabara, ambao nao wana fungu la seli za namna hiyo hiyo.

Mimi sipendi kuisimulia sehemu hii, na huenda nawe hutapenda kuisikia. Lakini shemeji yule alikuwa na haki ya kuuliza, basi tuiseme ilivyo. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi. Kichwa chake hufungwa katika kifaa cha chuma ili kisitikisike, kwa maana mahali panapotafutwa ni padogo mno. Sindano nyembamba hushushwa hadi kwenye fungu lile, ikatiwa kiasi kidogo sana cha asidi ya iboteni, sumu inayopatikana pia katika uyoga fulani mwekundu wenye madoa meupe. Asidi hiyo huzichochea seli kupita kiasi mpaka zife. Jeraha hufungwa, panya akaachwa apone. Panya wengine hupasuliwa vile vile na kushushiwa sindano, ila hawatiwi sumu. Hao ni wa kulinganishia. Pasipo wao huwezi kujua kama aliyeshindwa ameshindwa kwa ajili ya seli zilizokufa au kwa ajili ya maumivu ya kupasuliwa.

Kisha hufuata mtihani. Mmoja ulikuwa wa sanduku la vyumba viwili, kimoja cheupe chenye taa, kingine cheusi. Panya hupenda giza, hivyo huingia cheusi mara moja. Huko ndani hupigwa na umeme kidogo miguuni. Kesho yake hurudishwa katika chumba cheupe, na mtafiti anahesabu muda kwa saa. Panya mzima husitasita mlangoni, kwani anakumbuka. Aliyeharibiwa fungu lile huingia tena upesi, kana kwamba jana haikuwapo.

Mtihani mwingine ulibuniwa na Richard Morris huko Scotland, ukaelezwa mwaka 1981. Ni pipa pana la maji yaliyotiwa weupe, kwa mfano kwa maziwa, na ndani yake kuna kijukwaa kilichozama kidogo chini ya uso wa maji kisionekane. Panya hutiwa majini, akaogelea huku na huku mpaka akakigusa kijukwaa na kupanda. Akirudiwa siku kadhaa, hujifunza kukilenga moja kwa moja kwa kutazama vitu vilivyo chumbani, kama dirisha au taa. Panya aliyeharibiwa huendelea kuzunguka siku baada ya siku, akitafuta kitu alichokipata jana yake. Nikiisoma habari hiyo, namwona nyanya yule njiani kutoka sokoni.

Sasa ndipo dawa ikaingia. Miaka ya 1980 maabara mbalimbali ziliwapa panya hao fisostigmini, ile ile ya haragwe la Calabar. Wengi wao walifanya vizuri zaidi. Walisita mlangoni muda mrefu kuliko wenzao wasiopewa dawa. Hawakuwa sawa na panya wazima, ila waliwasogelea. Mwondoaji alishikwa mkono, na watoto wachache waliobaki ng'ambo wakasikika.

Lakini watafiti waliona pia jambo ambalo kila mlezi anapaswa kulijua. Kipimo kidogo mno hakikufanya kitu. Kipimo cha wastani kilisaidia. Kipimo kikubwa hakikuongeza faida, bali kilirudisha panya nyuma, wengine wakatetemeka na kutokwa mate. Kwa hiyo usije ukafikiri kwamba kidonge kimoja kikisaidia kidogo, viwili vitasaidia maradufu. Hesabu hiyo haifanyi kazi katika ubongo. Tena fisostigmini haikai mwilini, nguvu yake huisha upesi, na nani angeweza kumpa mgonjwa dawa kila baada ya saa moja au mbili, usiku na mchana?

Baadaye mashaka yakazuka. Asidi ya iboteni haichagui. Inapoua seli za asetilikolini, huua na majirani zake. Mwaka 1991 Waingereza watatu, Dunnett, Everitt na Robbins, walizipanga pamoja kazi nyingi za aina hiyo na kuonyesha kwamba ukitumia sumu nyingine, inayoua seli nyingi zaidi za asetilikolini lakini ikaacha nyingi za jirani, panya hasahau sana kama ilivyodhaniwa. Kinachoharibika zaidi ni umakini. Panya hashiki jambo kwa sababu hakulitazama vizuri tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, hii ni habari kubwa kuliko ile ya kwanza, ingawa hutaisikia mara nyingi. Nadhani hata wewe umeiona nyumbani. Wakati mwingine mgonjwa hajasahau uliyomwambia, bali hayakumwingia. Mwite jina, simama mbele ya macho yake, zima redio (ndiyo, hata yetu), kisha mwambie jambo moja tu.

Kutoka kwa panya hadi kwa mama

Dawa ya kwanza ya watu iliitwa takrini. Ilikuwa imetengenezwa huko Australia mwaka 1945 kwa shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1986 daktari Mmarekani William Summers na wenzake wakatoa habari za wagonjwa 17 waliopewa dawa hiyo, na habari zenyewe zilikuwa nzuri kupita kiasi. Familia za wagonjwa zikapiga kelele zitake dawa. Majaribio makubwa yaliyofuata yalionyesha faida, lakini ndogo sana kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Marekani iliikubali mwaka 1993. Ilimezwa mara nne kwa siku, na karibu nusu ya waliomeza vipimo vyao vya damu vilionyesha ini limeguswa. Mwaka 2013 iliondolewa katika soko la Marekani, wakati ambapo karibu kila daktari alikuwa ameshaiacha.

Ile aliyoandikiwa nyanya yetu, donepezili, ilitoka Japani. Aliyeongoza kazi hiyo katika kampuni ya Eisai, mjini Tsukuba, kuanzia mwaka 1983, ni Hachiro Sugimoto. Mtu huyu hakulijua tatizo kwa kulisoma vitabuni tu. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Sugimoto amesimulia kwamba alikwenda kumwamkia, mama akamwuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba yeye ni Hachiro. Mama akafurahi, akamwambia kwamba hata yeye ana mwana aitwaye Hachiro.

Mwanzo wa dawa yake nao ulikuwa wa bahati, na panya tena alikuwapo. Kemikali moja iliyokuwa ikijaribiwa kwa ajili ya ugonjwa wa mishipa ya damu iliwafanya panya kutokwa mate kwa namna ambayo Sugimoto na wenzake waliitambua mara moja. Ilikuwa dalili ya asetilikolini kuzidi. Wakaishika kamba hiyo, wakatengeneza kemikali kama 700 za jamii yake, wakizipima na kuzitupa, mpaka wakabaki na moja. Marekani iliikubali mwaka 1996, na Japani mwaka 1999. Hupewa mara moja tu kwa siku, na haikuonekana kuliumiza ini kama takrini. Mwaka 2000 watafiti wa kampuni hiyo walichapisha majaribio ambayo huenda ndiyo shemeji aliyasoma. Panya walioharibiwa kiini kile, na wengine walioharibiwa sehemu nyingine inayotoa asetilikolini, walipunguziwa shida yao ya kujifunza walipopewa donepezili, wale wa kwanza katika sanduku la vyumba viwili, wale wa pili katika pipa la maji. Dawa mbili nyingine za ukoo huo zilifuata, rivastigmini, na galantamini inayopatikana katika maua fulani ya Ulaya.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: ndiyo, ilijaribiwa kwa panya, tena panya wagonjwa, na kisha kwa maelfu ya watu. Huo ndio utaratibu wa karibu kila dawa iliyo katika kabati lako, hata ile ya homa ya mtoto.

Na la pili? Hapana, mama. Hatarudi kuwa yule wa zamani. Panya yule alitobolewa mahali pamoja tu, na ubongo wake uliobaki ulikuwa mzima. Ubongo wa nyanya unakufa kidogo kidogo kila upande, na kidonge hakizuii seli kufa. Kinazisaidia zilizobaki kusikilizana. Katika mtihani wa kumbukumbu wenye alama 70, wanaotumia dawa hizi huwazidi wasiotumia kwa alama kama 2 au 3 hivi baada ya miezi sita. Wako ambao hubadilika mpaka familia nzima ikaona. Wako wengi ambao wanabaki walivyo kwa muda, jambo ambalo nalo ni faida kwa ugonjwa unaoshuka. Na wako ambao hakuna kitu kabisa. Ukiambiwa uuze shamba ili ununue dawa hii, kataa. Ukiambiwa ijaribuni miezi michache kisha mrudi kwa daktari mpime kama inasaidia, hilo ni neno la busara.

Kabla ya kuanza, mwulize daktari kama ameshaangalia mambo mengine yanayoleta kusahau na ambayo hutibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi, huzuni ya muda mrefu. Mwambie kama mzee ana pumu, vidonda vya tumbo, au kama moyo wake hupiga polepole, kwa maana dawa hizi zinaweza kuyazidisha hayo. Atakapoanza, tazama kichefuchefu, kuhara na kukosa hamu ya chakula. Akizimia au akianguka, usingoje siku ya kliniki.

Na umkumbuke yule kijana wa mwaka 1974 aliyepewa skopolamini akasahau. Zipo dawa za kawaida zinazoziba njia ya asetilikolini kwa kiasi fulani. Dawa za zamani za mafua na mzio, zile za kuleta usingizi kama klofeniramini, ni mojawapo. Kwa kijana si neno. Kwa mzee aliyeanza kusahau, zinaweza kumvuruga zaidi, na zinavuta upande mmoja huku donepezili ikivuta upande wa pili. Peleka hospitalini kila kidonge kilicho nyumbani, hata kile ulichokinunua dukani bila karatasi, daktari akione.

Bado nina deni moja. Nilisema mfano wa mto tutauhitaji mara mbili. Dawa nyingi za kuua wadudu shambani, na nyingine za kuoshea ng'ombe kupe, hufanya kazi ile ile ya kumzuia mwondoaji, isipokuwa hizo humfunga kamba kabisa. Wajerumani walizigundua zile kali za aina hiyo miaka ya 1930 walipokuwa wakitafuta dawa ya wadudu. Mtoto akiinywa, au ikimwagika kwenye ngozi yake, utaona mate na machozi yanatiririka, jasho, kutapika, kuhara, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, na pumzi inakuwa nzito. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, huku wewe umevaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Kimbia hospitali, ubebe chupa au karatasi ya dawa hiyo. Wanayo atropini huko, dawa inayoziba masikio ya jirani asisikie zile kelele, na ikiwahi huokoa.

Yule mama alirudi kwa daktari. Walianza upya, kwa kipimo cha chini, na shemeji ndiye anayemmezesha nyanya kidonge kila usiku. Nilipowatembelea, nyanya hakunijua, na hakumjua mjukuu wake mdogo. Lakini alikuwa ameketi barazani akichambua mboga, na safari hii alikuwa akitupa mabua na kubakiza majani. Mkwe wake alinionyesha sufuria kwa macho tu, asimkatize.

Muda wetu umekwisha. Kabla hujakiweka kijitabu hiki, nenda ukatazame chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa stoo. Kama kuna chupa ya soda iliyotiwa dawa ya shamba, itoe leo.